Kunyoa Bure Siku Moja Hakukuzi Saluni

Kila Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, vinyozi wenzangu wa Igoma, Buzuruga na Kirumba hapa Mwanza hunijia na wazo lilelile: tuchague siku moja, tunyoe wanafunzi wa mtaa bila malipo, tusambaze picha kwenye makundi ya WhatsApp, kisha tungoje wateja waongezeke. Mwaka huu nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana aliyekopa ili anunue mashine ya pili, na subira yangu imefika mwisho. Saluni inayoifaa jamii yake hukua, nami naliamini hilo kwa dhati, lakini haikui kwa njia hiyo.

Suala la fedha ni fupi. Mzazi aliyekuwa akilipa huisubiri siku ya bure, na asiyekuwa akilipa huja siku hiyo tu.

Kinachoniudhi zaidi ni usafi. Mapunye ni ugonjwa wa fangasi unaowapata zaidi watoto wa umri wa shule, na huenezwa na vipande vya nywele na magamba ya ngozi yanayonasa kwenye meno ya mashine. Katika foleni ya watoto wanaosubiri juani, ni kinyozi gani atakayesimama baada ya kila kichwa, afungue meno, ayapige brashi mpaka nywele zote zitoke, ndipo aue vijidudu? Wengi hunyunyizia spiriti juu ya nywele zilizonasa na kuendelea, ilhali dawa haiwezi kufanya kazi yake mahali ambapo uchafu umeizuia kufika. Mtoto akishaambukizwa, spiriti ya kichwani haimponyi, kwa sababu fangasi wameingia kwenye nywele zenyewe, na kwa kawaida huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi wa mtaalamu wa afya. Kanuni ya wembe mpya kwa kila mteja sote tunaijua, hivyo sitairudia. Lakini mashine iliyosogezwa meno ili ichonge mstari wa ndevu nayo hukwaruza ngozi, na virusi vya homa ya ini aina ya B, vinavyoenezwa kwa damu, huweza kubaki na uwezo wa kuambukiza nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kinyozi anayesafisha mashine mbele ya macho ya kila mteja, mwaka mzima, ameifanyia jamii jambo kubwa kuliko siku yoyote ya bure, na mama aliyeliona hilo humpeleka mwanawe wa pili bila kuitwa.

Wengine hunitajia utafiti wa shinikizo la damu uliofanywa kwenye saluni za vinyozi wa Los Angeles, Marekani, kisha wananunua kipimo cha shinikizo la damu na kukiweka kando ya kioo. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2018, ulihusisha wanaume weusi 319 katika saluni 52 za kunyoa. Pale ambapo mfamasia alifika saluni na kuwapa wateja dawa kwa makubaliano na madaktari wao, kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa wastani wa milimita 27 za zebaki (mmHg) katika miezi 6. Pale ambapo kinyozi aliwahimiza tu wabadili mwenendo na kumwona daktari, kilishuka kwa takriban 9. Kwa hiyo kazi yako si kutibu, bali ni kukubaliana na zahanati iliyo karibu ili mhudumu wake afike kwako siku inayojulikana.

Siku hiyo ichaguliwe kwa akili. Karibu na Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki kando ya Ziwa Victoria, wavuvi wa dagaa hutumia taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka sana wengi hupumzika nchi kavu. Siku hizo viti vyetu hujaa wanaume ambao ni vigumu kuwapata kliniki. Mhudumu afuate mwezi wa angani, si tarehe za ukutani.

Nina shaka moja ambayo washauri wa biashara huipita kimya. Katika mitaa ya wapangaji wanaohamahama, imani uliyoijenga kwa miaka huhama pamoja nao, na sidhani kama gharama hurudi kila mahali. Naendelea kwa sababu kazi hii inahusu miili ya watu.

Kuhusu wanafunzi, wapangie bei nafuu Jumanne na Jumatano mchana, wakati viti viko wazi na kodi ya fremu inahesabika vilevile. Kila kichwa kitapata muda wa kusafishiwa mashine, na mtoto atazoea kiti chako mpaka aote ndevu. Ila punguzo hilo litoke kwenye fungu la mwenye saluni. Kinyozi anayelipwa kwa kamisheni apewe kiasi kilekile anachopata kwa kichwa cha bei kamili, kwa kuwa yeye naye ni mtu wa mtaa huo, ana watoto wanaosubiri sare na madaftari Januari hiyohiyo, na hakuulizwa kama anataka kuchangia.