Baka gumu kwenye ngozi ya mtoto: mguse kwanza

Wazazi wengi wanaoniletea mtoto mwenye skleroderma ya sehemu moja ya mwili, yaani ugonjwa unaofanya ngozi iwe ngumu, wameshapaka kila dawa ya choa inayouzwa Nairobi. Siwalaumu. Ugonjwa huu ni adimu, na picha za vitabuni zinaonyesha watoto weupe wenye baka lililozungukwa na ukingo wa zambarau. Kwenye ngozi yetu ukingo huo hujificha. Utaona tu sehemu iliyokoza weusi au iliyofifia, inang'aa kidogo.

Ndiyo maana mimi hutanguliza mkono. Naweka mgongo wa kiganja juu ya baka, kisha mahali pale pale upande wa pili wa mwili. Baka likiwa na joto zaidi, nashuku ugonjwa bado unaendelea. Halafu nafinya. Ngozi ya kawaida hukunjika, hii hukataa, imekazwa kama ngozi ya ngoma. Choa huwasha na kutoa magamba, lakini ngozi yake haiwi ngumu hivyo.

Kinga ya mwili imeigeukia ngozi, kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ikarundikana. Haiambukizi, na mtoto hajarogwa. Kugeuka kuwa ile skleroderma inayoshika mapafu na figo ni nadra mno. Hilo nalisema mara mbili, maana mzazi akitoka tu chumbani anaingia kwenye simu kutafuta jina la ugonjwa, na anayoyakuta humo yanamnyima usingizi bure.

Ila msidhani ni suala la urembo. Kwa watoto, aina inayoongoza ni ya mstari: unateremka mkono au mguu, au unapanda paji la uso hadi kichwani, nywele zikipukutika unapopita. Unaweza kuzama hadi kwenye misuli na mfupa. Ukivuka goti, goti hukakamaa, na mguu huo ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Ukiwa usoni, nauliza habari za kifafa na maumivu ya kichwa, naagiza picha ya ubongo ya MRI, na nampeleka mtoto kwa daktari wa macho hata kama halalamiki, kwa kuwa uvimbe ndani ya jicho unaweza kukaa kimya.

Hapo krimu peke yake haitoshi. Tunatumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, pamoja na steroidi za kupunguza uvimbe miezi ya mwanzo. Katika utafiti wa Italia wa 2011 uliohusisha watoto 70, ugonjwa uliwarudia takriban thuluthi ya waliopewa methotreksati. Kwa waliopewa dawa bandia, takriban saba kati ya kumi.

Wazazi hushtuka wakisikia ni dawa ya saratani. Dozi yetu ni ndogo mno kwa hofu hiyo. Ninachoogopa mimi ni bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x1, yaani kila siku. Methotreksati hii humezwa mara moja kwa wiki. Ikimezwa kila siku inaweza kuua. Familia nyingi huchagua Ijumaa jioni, ili kichefuchefu kimkute mtoto nyumbani Jumamosi badala ya darasani.

Baka likishatulia, dawa huendelea angalau mwaka mwingine. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi: ngozi imelainika, nauli imepanda, kliniki inaachwa. Basi hata mkikosa nauli, pigeni simu kabla ya kuacha dawa, na kila mwezi mpige picha ya baka karibu na dirisha, rula ikiwa pembeni. Picha hizo hunisaidia kuliko kuambiwa "limeongezeka kidogo, daktari".