Usiihukumu namba kwa kioo cha kikokotoo

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea kikokotoo, uso umejaa furaha. Kwenye kioo palikuwa na e, namba maarufu ya hisabati: 2.718281828. "Mwalimu, ona, 1828 inajirudia. Hii ni namba wiano, inaandikika kama sehemu, mfano 3/4." Nikamwambia agawe 1 kwa 17. Kikatoka 0.0588235294. "Na hii je?" Akaikagua kidogo. "Hii haina marudio. Si wiano."

Alikosea zote mbili, na wala simlaumu. Namba e huendelea 2.718281828459045..., yaani 1828 ilikuja mara mbili kisha ikapotea. Ama ile ya pili, alikuwa ameigawa mwenyewe, 1 kwa 17, ni sehemu kabisa! Desimali zake hujirudia, ila kundi linalojirudia lina tarakimu 16: 0588235294117647. Kioo kilikatika kabla kundi halijaisha.

Namba wiano ni ile inayoweza kuandikwa kama sehemu, kiasi (namba ya juu) na asili (ya chini) zote zikiwa namba kamili, na asili isiwe 0. Isiyoweza kuandikwa hivyo, hata ufanyeje, si wiano. Basi. Neno "desimali" halimo humo. Habari ya desimali ni matokeo, na inafaa kuona yanatoka wapi.

Rudi kwenye 1 gawanya kwa 17, safari hii kwa mkono. Kila hatua huacha baki, na baki ni lazima liwe dogo kuliko 17. Likiwa 0, kazi imekwisha na desimali inakoma. Lisipokuwa 0, yako mabaki 16 tu yanayowezekana, kwa hiyo hazitapita hatua nyingi kabla baki mojawapo halijatokea tena. Likitokea tena, hesabu inafuata njia ile ile iliyokwisha kupita, tarakimu kwa tarakimu. Ndiyo maana desimali ya sehemu yoyote ama hukoma, ama hujirudia. Kinyume chake nacho ni kweli. Chukua 0.272727... na uiite x. Zidisha kwa 100 upate 27.2727..., toa x, mkia wote unafutika, unabaki na 99x = 27. Kwa hiyo x ni 27/99, yaani 3/11.

Angalizo: kujirudia si sawa na kuwa na mpangilio. 0.101001000100001... ina mpangilio ambao hata mtoto ataufuata, lakini sifuri zinaongezeka kila mara, hakuna kundi linalojirudia. Hiyo si wiano.

Kwa hiyo mimi, nikipewa namba, siangalii tarakimu zake. Nauliza imetoka wapi. Ikitoka kwenye mgawanyo wa namba kamili, swali limekwisha. Ikitoka kwenye kipeuo cha pili, naangalia kilicho ndani kwanza, kwa sababu alama ya kipeuo huwatisha watu bure: √49 ni 7, na √2.25 ni 1.5. Kwa namba nzima kanuni ni fupi: kipeuo chake cha pili ama ni namba nzima, ama si wiano. Hakuna cha katikati.

Kwa nini √2 haiwezi kuwa sehemu? Tuseme ingekuwa a/b. Basi a² = 2b². Sasa vunja kila upande kuwa namba tasa, uhesabu 2 zilizomo. Ndani ya namba yoyote iliyopigwa mraba, 2 huonekana mara shufwa (au haionekani kabisa), kwa kuwa kila moja imekuja na pacha wake. Kushoto, kwa hiyo, ni shufwa. Kulia ni shufwa na moja ya ziada, witiri. Namba moja haiwezi kuwa na hesabu mbili tofauti za 2 ndani yake, kwa hiyo a na b hizo hazipo. Nimeifundisha hoja hii mara nyingi mno na bado sijaichoka.

Namba inayoleta ubishi zaidi ni π, na Kiswahili chetu huchochea moto. Tunawaambia wanafunzi kwamba π ni uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, kisha tunawaambia si namba wiano. Wana haki ya kulalamika. Jibu liko kwenye sharti la namba kamili: mzingo na kipenyo haviwezi kuwa namba kamili vyote viwili, hata ubadilishe kipimo namna gani. Nayo 22/7 ni makadirio tu. Yenyewe ni 3.142857142857..., wakati π ni 3.14159..., zimeachana mapema, kwenye nafasi ya tatu ya desimali. Uthibitisho kwamba π si wiano ulitolewa na mwanahisabati Johann Lambert mwaka 1761. Wa e ulikuwa umetangulia, kazi ya Euler ya mwaka 1737.

Mtego wa mwisho ni kuchanganya. Namba wiano ukiijumlisha na isiyo wiano, jibu daima si wiano. Lakini mbili zisizo wiano zikikutana, usiape: √2 × √8 ni 4. Na π + e? Hadi leo hakuna aliyethibitisha kama ni wiano au la. Vivyo hivyo π × e. Kinachojulikana ni kwamba haziwezi kuwa wiano zote mbili, kwa sababu hapo π na e zingekuwa majibu ya mlinganyo wa kipeo cha pili wenye namba wiano tupu, jambo ambalo Hermite alilikanusha kwa e mwaka 1873 na Lindemann kwa π mwaka 1882. Angalau moja si wiano, lakini ni ipi, haijathibitishwa.