Jiwe Halioti Tena: Tuliyoyaamini Kuhusu Mawe ya Mwanza Mpaka Letu Likawa Kokoto

Kwenye ufukwe niliokulia, upande wa Ilemela, palikuwa na mawe matatu yaliyopandana: la chini pana kama ukumbi, la kati limeinama kidogo, la juu la duara. Yote matatu tuliyaita kama jiwe moja, Kilemba. Kina mama walianika dagaa kwenye lile la chini. Wavuvi waliorudi alfajiri walilitafuta lile la juu ili wajue pa kuelekezea mtumbwi. Maharusi walipigwa picha pale jua likizama. Leo pana shimo lenye maji ya kijani na lundo la kifusi, na Kilemba kimo ndani ya zege la nyumba nisizozijua.

Tangu livunjwe nimesikia maneno mengi kulihusu. Baadhi yake niliyaamini mwenyewe utotoni.

"Mawe hukua. Wakivunja hili, litaota jingine."

Hii ndiyo dhana iliyotugharimu zaidi, na sitaki kuwacheka wanaoishika, kwa sababu wameona kwa macho yao. Mzee jirani yetu alinionyesha jiwe nyuma ya nyumba yake. "Mjukuu wangu, nilipooa lilinifika magotini. Litazame sasa." Nilitazama, linamfika kifuani.

Ni kweli linamfika kifuani. Ila kilichosogea ni udongo. Miti ya mlimani ilikatwa, nyumba zikapanda hadi kileleni, na kila masika maji yakateremsha udongo kuelekea ziwani. Jiwe lilikuwa hapo siku zote, limefukiwa. Na huo udongo unapoondoka chini yake, jiwe hupoteza kiti. Ndiyo maana mvua kubwa zikinyesha, watu wanaoishi chini ya mawe ya milimani hawalali.

Mawe ya Mwanza ni graniti. Yalianza kama uji wa moto uliopoa taratibu chini sana ardhini, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Yalipopoa na mzigo wa juu yake ulipopungua, yalipasuka nyufa za wima na za ulalo. Maji yakapenya kwenye nyufa na kula kingo, kama sabuni inavyoisha pembe kwanza, yakabaki mapande ya duara yamezungukwa na udongo. Kisha udongo ukachukuliwa na mvua. Kupandana kwake ndiko huko: hakuna aliyepandisha, ni kwamba kilichokuwa katikati kimeondoka. Jambo hilo lilichukua muda ambao binadamu hajawahi kuwa na neno lake. Kilemba kilivunjwa kwa muda wa wiki sita.

"Ziwa ndilo lililoyaviringisha," au "ni volkano."

Ziwa Victoria ni changa mno kwa kazi hiyo. Wanasayansi wanalikadiria umri wa miaka kama laki nne, na kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka kabisa, likawa bonde. Volkano nazo ziko mbali, upande wa Ngorongoro na Oldoinyo Lengai, na mawe yake ni ya namna nyingine.

"Chini ya jiwe kuna mali ya Mjerumani."

Kabla ya nyundo za kokoto, walikuja wa sururu usiku. Walichimba pembeni ya jiwe la chini mara mbili, na waliacha mashimo ambayo mtoto angeweza kutumbukia. Waliongozwa na alama ya mshale iliyochongwa kwenye mwamba, na vipande vilivyong'aa.

Imani hii ina mzizi. Wajerumani walikuwa na boma Mwanza tangu miaka ya 1890, na Julai 1916 waliuacha mji Waingereza walipouingia, wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Mwaka huohuo wa 1916, huko Tabora, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Kwa hiyo dhahabu ilikuwapo kweli. Lakini jeshi linalokimbia linahitaji fedha ya kununulia chakula na kulipa wapagazi. Halina sababu ya kuzika mali chini ya kila jiwe la Usukuma. Alama kwenye miamba mara nyingi ni za wapima ardhi. Kinachong'aa ni mika, madini mepesi yanayobanduka kama ganda la kitunguu, na yamo kwenye graniti kila mahali.

"Lina mizimu. Atakayeligusa atakufa."

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Bibi yangu hakupita pale bila kusalimia. Kwake palikuwa pa masamva, wahenga wa ukoo, na watoto tulikatazwa kukata hata kijiti. Sote tuliamini jiwe linajilinda. Vijana wa nyundo walipokuja, wazee walisema, "Waacheni, wataona wenyewe." Tukangoja. Jiwe halikumdhuru mtu siku ya kwanza, wala ya pili. Waliwasha magogo na matairi chakavu juu yake usiku kucha. Ndani ya graniti kuna kwatzi, ambayo ikipata joto hutanuka kuliko madini yanayoizunguka, na ikifika nyuzi 573 hubadili mpangilio wake na kuvimba ghafla. Asubuhi mwamba ulikuwa umebanduka magamba. Mtarimbo ukamalizia.

Baadaye wawili kati yao walianza kukohoa. Mtaani ikasemwa: masamva wamejibu. Mimi niliwafuata nyumbani kwao, na naumia kila nikikumbuka, kwa sababu kikohozi kile kina jina. Vumbi laini la kwatzi likivutwa kwa miaka huingia ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na humfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Hao wawili hawakuanzia kwenye Kilemba. Walikuwa wamegonga mawe tangu utotoni. Na mama anayeponda kokoto kando ya barabara, mtoto mgongoni, kitambaa puani, anavuta vumbi hilohilo bila kugusa jiwe la mzimu wa mtu yeyote. Ukimwambia ni laana, hatakwenda hospitali, wala hatamwagia maji kokoto zake ili vumbi litulie.

Lakini wanaosema imani ya bibi ilikuwa upuuzi mtupu nao wamekosea. Kwa vizazi vingi katazo lake ndilo lililokuwa ulinzi pekee wa mahali pale. Tulipoacha kuliogopa, hatukuweka kingine badala yake.

"Ni jiwe tu, halina kazi."

Mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, yule anayepiga pushapu juu ya mwamba, kitaalamu anaitwa *Agama mwanzae*. Amebeba jina la mji wetu, na makazi yake ni mawe haya. Pale mawe yanapoingia majini wanaishi mbipi, furu wa miambani. Mmoja wao, mwekundu mgongoni, alipewa jina la Mwalimu Nyerere. Majike wa samaki hao huwatambua madume wao kwa rangi, na maji yakichafuka kwa udongo hawaoni vizuri, aina zikaanza kuchanganyika. Shimo letu linamwaga tope humohumo.

"Mwenye kiwanja ana haki ya kuvunja."

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Kilemba kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka majini. Nilikisoma kifungu hicho baada ya lori la mwisho kuondoka.

Kusini kidogo yamebaki mawe mawili yaliyoegemeana. Juzi tumekuta mtu ameyachora namba kwa rangi nyekundu. Jumatatu nilikwenda ofisi ya mtaa na nakala ya sheria. Nilimkuta yule mzee jirani ameshafika, fimbo mkononi, amekuja kusema kwamba pale ni pa masamva. Akanisogezea nafasi kwenye benchi.