Chanzo kipya cha eksirei: kipya kwa nani?

Juzi kijiweni Ujiji kijana mmoja alitusomea kwenye simu kwamba wanaastronomia wamegundua "chanzo kipya cha eksirei" katika galaksi, yaani kundi kubwa mno la nyota, iliyo jirani na yetu. Mzee aliyekuwa akicheza bao akauliza, "Kwa hiyo nyota imezaliwa?" Kijana akasema ndiyo. Nilipaliwa na kahawa, maana jibu hilo nimeshalisikia mara nyingi mno.

Maana ya chanzo cha eksirei ni fupi. Mara nyingi ni nyota mbili zinazozungukana, moja imeshakufa na kubaki nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa sana, au shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki. Mfu huyo humnyonya mwenzake gesi, gesi hupata joto la mamilioni ya nyuzi, na joto hilo hutoa eksirei. Vyanzo vikali kabisa huishinda nguvu yote ya Jua zaidi ya mara laki mbili.

Tatizo la kwanza ni neno eksirei. Kwetu ni picha: "kapige eksirei", "eksirei yako umeiacha wapi?" Kumbe ni mwale, mwanga ambao jicho haliuoni. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen alipoukuta mwaka 1895 hakujua ni kitu gani, akaupa herufi X, ile ya kisichojulikana kwenye hesabu. "Rei" ndiyo mwale. Sisi tulilibeba neno zima, mwale tukauacha njiani, tukabaki na plastiki nyeusi ndani ya bahasha ya kaki. Na tusiseme mambo haya ni ya mbali: hewa ya dunia huizuia miale hiyo, kwa hiyo darubini zake lazima zipande juu, na setilaiti ya kwanza ya kazi hiyo pekee ilirushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, basi ikaitwa Uhuru.

Sasa hilo "kipya". Shuka Katonga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, usiku wa giza. Ziwa lote jeusi, mara taa inawaka kule upande wa Kongo. Hakuna atakayesema mtumbwi umechongwa sasa hivi. Ulikuwepo, wavuvi ndiyo kwanza wanawasha taa kuita dagaa. Angani ni vivyo hivyo. Chandra, darubini ya eksirei iliyoko angani, iliitazama galaksi iitwayo M83 mwaka 2000 na 2001, mahali fulani pakawa kimya. Desemba 2010 pakakutwa pamewaka kwa ukali wa angalau mara 3,000 kuliko mwanzo, na nyota inayonyonywa pale ni nyekundu, kikongwe. Tena M83 iko miaka ya nuru kama milioni 15 kutoka hapa, yaani mwanga wake husafiri miaka hiyo yote hadi kutufikia, ingawa kwa wenye fani huyo ni jirani, kwa hiyo hata huko kuwaka kulitokea zamani za kale.

Nikimkuta yule kijana nitamwomba abadilishe neno moja tu: badala ya "imezaliwa", aseme "imewaka". Mzee wa bao atamwelewa upesi. Amevua dagaa tangu enzi za karabai.