Shamba lililo kichwani mwa mtu mmoja

Simu ya marehemu huendelea kulia. Mnunuzi wa maziwa anataka kujua kama mzigo wa kesho upo. Muuza chakula cha mifugo anaulizia deni lake, na fundi aliyelipwa nusu ya kazi ya banda anasubiri kuambiwa arudi lini. Waliobaki nyumbani hawaijui namba ya siri. Hawajui ng'ombe yupi alipandishwa lini, wala nani anadaiwa kiasi gani. Ardhi ipo na mifugo ipo, lakini biashara imezikwa pamoja na mwenyewe.

Sisi tunaowashauri wakulima na vyama vyao tunajua kwamba tatizo hili huanza mapema, mkulima akiwa bado mzima. Ndilo linalomfanya anyimwe mkopo. Afisa mikopo hawezi kupima kilicho kichwani mwa mtu, na mtoto hawezi kurithi kilicho kichwani mwa mzazi. Kwa sababu hiyo naona mpango, mtaji na urithi ni jambo moja, ingawa watu wengi huanza kufikiria urithi siku ya msiba.

Kazi ianze na daftari. Chukua ukurasa mpana, uchore safu 12, moja kwa kila mwezi. Juu andika fedha unazotarajia kuingia, chini zitakazotoka. Fedha za shamba zina tabia yake: hutoka kidogo kidogo kwa miezi mingi, kisha huingia kwa mkupuo. Ukijumlisha kila safu utaona wazi miezi ya ukata, pengo la kila mwezi ni kiasi gani, na mwezi gani una uwezo wa kulipa deni. Huo ukurasa mmoja una thamani kuliko maelezo marefu ya kujisifu ambayo wengine hulipia kuandikiwa ili wayapeleke benki.

Kuna gharama mbili ambazo wakulima husahau karibu kila mara. Ya kwanza ni jasho la familia. Kama mke, mume na watoto wanafanya kazi bila kuandikiwa ujira, faida unayoiona huenda ni mishahara yao iliyofichika. Ya pili ni uchakavu. Pampu iliyonunuliwa kwa 600 na kutumika miaka 5 inakula 120 kila mwaka, hata kama mwaka huo hukutoa kitu mfukoni. Usipoitenga, siku itakapokufa utakopa kununua nyingine. Baada ya hapo andika ukurasa wa pili wa mwaka mbaya: mavuno yamepungua kwa theluthi na bei imeshuka. Kama ukurasa huo unaonyesha huwezi kulipa mkopo, punguza mkopo sasa, kabla hujatia sahihi.

Katika kukopa, umri wa mkopo ulingane na umri wa kitu unachokinunua. Mbegu na mbolea ni za mkopo wa msimu, unaolipwa mavuno yakishauzwa. Miti ya matunda inayochukua miaka kuzaa inahitaji mkopo mrefu wenye kipindi cha kusubiri kabla marejesho hayajaanza. Mkulima wa zao linalovunwa mara moja kwa mwaka akikubali marejesho ya kila mwezi, atauza mavuno siku bei iko chini kabisa, au atauza mfugo ambao ndio mtaji wenyewe.

Uliza pia riba inakokotolewa vipi. Tuseme umekopa 1,200 kwa mwaka mmoja, riba asilimia 12, unarejesha 100 za mkopo kila mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, utalipa riba ya 144. Ikihesabiwa kila mwezi juu ya salio la deni, utalipa 78. Tangazo lina asilimia ile ile, lakini mzigo umekaribia kuwa maradufu. Ongeza ada ya mkopo, bima na faini ya kuchelewa ndipo ulinganishe taasisi moja na nyingine. Na tafadhali, usiweke rehani ardhi yote ya familia kwa ajili ya mbolea ya msimu mmoja.

Wakulima wadogo wakiungana, hesabu hubadilika. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wakiwemo wafumaji, walifungua duka lao kwa hisa ya pauni moja kila mmoja, ambayo walikuwa wameikusanya kwa senti chache kwa wiki. Ziada waliigawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Katika chama cha mazao mantiki ni hiyo hiyo: ziada humfuata mwanachama kwa kadiri ya mzigo aliouleta, na kura ni moja kwa kila mtu.

Palipo na mvutano kila mwaka ni kwenye mfuko wa akiba. Mkutano mkuu hutaka ziada yote igawanywe, na ninawaelewa, kwa sababu mahitaji ya nyumbani hayasubiri. Lakini kanuni ya 3 kati ya 7 zilizopitishwa mwaka 1995 na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika inataka angalau sehemu ya mtaji kwa kawaida iwe mali ya pamoja. Fedha hizo ndizo huwezesha chama kutoa malipo ya awali siku mzigo unapopokelewa. Chama kisicho na akiba humwambia mwanachama asubiri mpaka mnunuzi alipe. Yeye ana mgonjwa ndani, dalali yuko mlangoni na noti mkononi, basi anauza pembeni. Mzigo wa chama unapungua, gharama kwa kila kilo inapanda, na msimu unaofuata wanaouza pembeni ni wengi zaidi. Kumlaumu mwanachama huyo kwa kukosa uaminifu hakusaidii kitu.

Chama nacho kina urithi wake. Kama meneja mmoja ndiye pekee anayewajua wanunuzi, chama kiko hatarini sawa na lile shamba la mwanzo. Masharti yaruhusu theluthi ya bodi itoke kila uchaguzi, ili wapya wakae na wazoefu. Kila mwanachama aandike jina la mteule wa hisa zake, yaani mtu atakayezipokea yeye akifariki, na jina hilo lipitiwe upya kila mwaka, maana ndoa hubadilika na wateule hufariki. Vijana wanaolima shamba la baba huku hisa ziko kwa jina la baba pekee hawana kura. Wafunguliwe mlango wa kununua hisa kwa kulipa kwa awamu.

Nyumbani, tenganisha mambo matatu: ujuzi, maamuzi na umiliki. Yanaweza kuhamishwa kwa nyakati tofauti. Mpe mrithi eneo moja aliendeshe na hesabu zake, akosee kidogo ungalipo wa kumrekebisha. Mwaka unaofuata mpeleke kwa mnunuzi. Kisha mwingize kwenye sahihi za akaunti. Hati ya ardhi inaweza kuja mwisho, kwa msaada wa mwanasheria, kwa kuwa sheria za mirathi hazifanani kila nchi.

Kugawa sawa si lazima kuwe kugawa kwa haki. Binti aliyebaki shambani miaka 10 bila mshahara ameshalipa sehemu yake. Ardhi ikikatwa vipande visivyotosha kulima, wote wamekosa. Familia nyingine huacha shamba likiwa moja, anayelilima akawalipa ndugu zake kodi, au akawanunua kidogo kidogo kwa awamu zilizoandikwa. Mwenza wa ndoa ajue nafasi yake ni ipi na jina lake liko kwenye karatasi gani. Na mzazi anayekabidhi aandikiwe kiasi atakachopata kila mwezi kutoka shambani. Asiyejua atakula nini kesho hataachia funguo, na akiziachia leo, kesho atarudi kuzidai.

Orodha ya wadeni, wadai, wanunuzi na tarehe za mifugo ikae kwenye lile daftari la safu 12. Namba za siri ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, kwa mtu mmoja unayemwamini, na mwingine mmoja ajue bahasha iko wapi.