Yule mnene anayecheka si Buddha

Sanamu ya mzee mwenye kitambi, kipara na kicheko imezoeleka kwenye mikahawa ya Kichina na maduka ya mapambo, na karibu kila mtu huiita Buddha. Siye. Huyo ni Budai, mtawa wa China wa karne ya 10 hivi, aliyetembea na mfuko begani. Jina lake lenyewe maana yake ni mfuko wa kitambaa.

Siddhartha Gautama, Buddha tunayemkusudia, mwanzilishi wa dini ya Ubuddha, alimtangulia kwa zaidi ya miaka 1,200. Masimulizi yanasema alizaliwa Lumbini, Nepal ya leo, akajinyima chakula hadi mbavu zikahesabika. Alipoona njaa haimfikishi popote, akashika njia ya kati: si anasa, si kujitesa. Watawa wake hawakuruhusiwa kula baada ya adhuhuri. Kitambi kingetoka wapi?

Mkanganyiko una chanzo. Mafundisho ya Buddha yalipata nguvu chini ya Mfalme Ashoka wa India, karne ya 3 KK, yakavuka hadi Sri Lanka, ambako tawi la Theravada lilishika mizizi. Kwa njia za wafanyabiashara wa hariri yalifika China kufikia karne ya 1 BK, na huko likastawi tawi la Mahayana, linalotambua mabuddha, yaani walioamka, wengi. Mmoja, Maitreya, bado anangojewa, na Wachina walikuja kuamini kwamba Budai ndiye aliyejitokeza kwa sura ya mtu.

Na wale wanaoisugua sanamu hiyo tumbo ili wapate utajiri? Buddha alifundisha kwamba tamaa ndiyo inayozaa mateso.