Ukitaka historia ya kitongoji, fuata mfongo

Watu wakinialika kutafiti historia ya kitongoji chao, hunipeleka kwanza kwa mzee aliyekula chumvi nyingi. Mimi huomba tuanze juu, kwenye banio, pale maji yanapouacha mto.

Vitongoji vya Old Moshi, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vingi ni vidogo mno, kaya chache zilizojificha kwenye migomba. Kwenye nyaraka utasoma habari za Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani Machi 2, 1900, lakini kuhusu ukoo uliofyeka hapa kwanza hutapata hata mstari. Hilo linajulikana na mfongo.

Mfongo ni mfereji uliochimbwa kwa mkono, unaokata ubavu wa mlima kutoka korongoni hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba ya familia. Ukiinama kupita kiasi, maji yanakula udongo. Ukilala sana, tope linauziba. Waliochimba walijua mwinamo huo kwa jicho, na kila nikiutembea nawavulia kofia. Mara nyingi mfongo hubeba jina la mwanzilishi wake au la ukoo wake. Waliokuja baadaye waliomba maji, na kuomba kulikwenda na mbege, pombe ya ndizi. Kwa hiyo nauliza: nani huitisha msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha? Nani alipewa zamu na nani aliiomba? Majibu hunipa mpangilio wa koo zilivyohamia. Kisha nayalinganisha na masale, mimea inayopandwa mipakani, na makaburi yaliyomo vihambani.

Reli ya kutoka Tanga ilipofika tambarare mwanzoni mwa miaka ya 1910, mji ulihamia huko na jina la Moshi likashuka nao. Huku juu kukabaki Old Moshi. Mifongo haikuhama. Inayoiua ni mabomba na uchovu wa kuzibua, na ukikauka mmoja, jina lake hudumu kizazi kimoja tu. Hilo linaniuma.

Desturi iliwakataza wanawake kufika kwenye banio, ndiyo maana watafiti wengi huwauliza wanaume peke yao. Naona ni kosa kubwa, kwa sababu waliochota maji kila asubuhi ni akina mama. Safari yangu ya mwisho, bibi mmoja alinionyesha kijia kikavu kati ya kahawa ambacho wajukuu zake hupitia kwenda shule. Ulikuwa mfongo. Alinitajia jina lake mara tatu, taratibu, mpaka nikaliandika sawasawa.